Mkono Uliomlisha Ng'ombe

Kaeni mahali ninapoweza kuziona nyuso zenu. Rogath, kifungua mimba wangu, toka huko nyuma ya kabati uje ukae kwenye kigoda, maana mtu anayejibanza mama yake akisema hunifanya nijiulize anaficha nini. Dominika, binti yangu, baki hapo hapo ukingoni mwa kitanda. Fabian, kitinda mimba wangu, nipandishe mto kidogo, kisha simama pale kando ya mkeo. Na wewe Gladys, mkwe wangu, usiende jikoni, chai itasubiri. Shemeji Filemon, ndugu wa marehemu mume wangu, nimekuita uwe shahidi wa ukoo, basi geuka unitazame mimi, uache kuitazama mibuni yangu kupitia dirishani, haiendi popote.

Nitasema Kiswahili. Naona mnatazamana. Mama anakufa, mbona hasemi lugha ya kwake? Gladys ni Mmachame, kwao ni Kwa Sadala, na Kichagga chetu cha huku Kilema humpita pembeni. Tangu aolewe hapa, kila alipokosa neno palikuwa na mtu wa kumtafsiria, na mimi mpaka leo sijui alitafsiriwa nini na aliachiwa nini. Leo sitaki mkalimani. Nitakalolisema litamfikia kama lilivyotoka kinywani mwangu.

Nianze na mali, kwa kuwa najua ndiyo iliyowapandisha mlima upesi hivi.

Kihamba hiki, shamba letu la ukoo, na nyumba hii, na migomba yake, na kahawa yake hata kama bei yake sasa hivi haina maana, ni cha Fabian, kwa sababu ndiye mdogo na ndiye aliyebaki, na ndivyo baba yenu alivyosema mbele ya shemeji Filemon huyu huyu. Ninaongeza neno langu juu ya lile la baba yenu. Ni cha Fabian na Gladys, wote wawili, na Fabian akitangulia kufa, Mungu apishe mbali, Gladys hahamishwi, hata kama ni kijana, hata kama ukoo utakaa vikao mpaka pombe ya mbege iishe. Shemeji, umesikia? Umeitikia kwa kichwa. Itikia kwa sauti. Vema. Na ile mimea ya isale iliyopandwa mpakani kati yako na sisi, naomba ibaki ilipo sasa. Najua ilipokuwa zamani, na wewe unajua, lakini sina pumzi ya ugomvi huo leo.

Rogath, lile shamba la mahindi huku chini tambarare ni lako. Lilime, likodishe, fanya utakavyo. Lakini kihamba hiki hakiuzwi, na hakikodishwi kwa yule mtu wako wa Himo anayetaka kuwajengea hoteli Wazungu wanaopanda mlima. Alipokuja hapa na viatu vyake vyeupe akapima kwa macho toka mferejini mpaka kwenye kaburi la baba yenu, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mgomba. Nilimwona. Sikusema kitu, nilitaka kujua kama wewe utaniambia. Hukuniambia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Mnamkumbuka Madoa. Ng'ombe wa kisasa, tuliyemlea tangu akiwa ndama wa kunyweshwa kwa ndoo, aliyetoa maziwa yaliyomsomesha Fabian shule ya sekondari wakati vyama vyetu vya kahawa vilipokwama na wanunuzi binafsi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, kila mmoja na mzani wake. Nataka mkumbuke jambo moja kuhusu Madoa, kwa sababu kila kitu kimelala juu ya jambo hilo. Ng'ombe wetu hawachungwi. Madoa hakuwahi kutoka bandani kwake. Majani ya migomba, majani ya kukata kondeni, maji, chumvi, vyote aliletewa. Ng'ombe wa namna hiyo akila kitu kibaya, hakukiokota njiani. Mtu kampa.

Ule ulikuwa mwaka wa ukame, kabla ya mvua za El Nino. Mnakumbuka jinsi mfereji ulivyobaki matope na vyura. Majani ya ng'ombe yaliadimika mpaka tukawa tunashuka hadi tambarare kuyatafuta, mimi na kamba yangu mgongoni, na siku moja nikateleza pale kwenye mteremko wa jiwe jekundu na mzigo ukanilalia. Wewe Dominika ulikuwa umekuja kunitembelea siku ile. Ndiwe uliyeniokota. Ulilia kuliko mimi. Ukanifunga mkono kwa kanga ukasema, "Mama, njoo ukae kwangu Rau, nyumba ina nafasi, acha haya mateso." Na mimi nikakujibu kama nilivyomjibu kila mtu, Rogath na hoteli yake, padri na ushauri wake: "Nitakuja siku ng'ombe huyu akiondoka. Nikimwacha, nani atamkatia majani?"

Rogath, mbona unamtazama dada yako? Nitazame mimi. Bado sijamaliza.

Gladys alikuwa na maua yake. Alipokuja kuolewa alikuja na sanduku, na biblia ya Kilutheri, na kopo bovu la rangi lenye mmea ambao mimi tangu nilipouona sikuupenda. Majani manene kama ulimi, ya kijani yenye mabaka meusi, na pembeni mwa kila jani, kwenye vile vijino vya ukingo, vimesimama vitoto. Nasema vitoto kwa kuwa sina neno jingine. Kila kimoja kina vijani vyake viwili na vijizizi vyake kama unywele, vimejipanga ukingoni kama makinda yanayongoja kuruka. Ukiligusa jani, vilianguka. Vilipoanguka vikaota. Viliota kwenye ufa wa sementi, viliota kwenye bati la mfereji wa paa ambako hakuna hata udongo. Nikamwuliza Gladys, "Mmea gani huu unaozaa bila ua wala mbegu?" Akacheka, akasema kwao wanauita ua la watoto, na mama yake alimpa ili nyumba yake isikose watoto. Mimi sikucheka. Nilijiambia, kitu kinachoenea hivi bila kuombwa, ipo siku kitakuwa mahali ambapo hakikutakiwa.

Lakini Dominika uliyapenda. Siku ya ubatizo wa Kindness, mtoto wa Gladys, uliomba miche, na Gladys akakufungia kwenye karatasi.

Basi Jumamosi moja ya ukame ule, Rogath na Dominika walipanda pamoja kwa pikapu ya Rogath. Ilikuwa imetoka mpakani Holili na harufu ya sabuni za Kenya. Walikuja kunishawishi niondoke. Fabian hakuwepo, alikuwa amepanda mlima na mizigo ya wageni. Pikapu haikufika uani kwa sababu ya yale mawe, ikasimama kule chini mferejini, mahali inaposimama siku zote. Tukala mtori, tukazungumza, nikakataa, Rogath akakasirika, mkaondoka. Jumapili nilipotoka misa ya kwanza nikamkuta Madoa anatiririka mate, masikio yamelala, moyo wake unapiga mbio mpaka nauona kwenye ngozi. Jumatatu kabla ya mchana alikuwa amekufa.

Bwana mifugo akampasua. Akatoa tumboni majani manene yaliyotafunwa nusu, akayaweka juu ya jani la mgomba, akasema, "Mama, mmea huu una sumu ya moyo kwa ng'ombe. Nani kampa?" Na Gladys, kabla hajaulizwa, akasema, "Haya ni kama yangu."

Nataka mlipime neno hilo. Mtu aliyefanya anasema hivyo? Mtu aliyefanya hungoja kwanza asikie wengine watasema nini.

Mlipopanda tena kwa kikao, shemeji Filemon ukiwa umekaa kitini pa marehemu, Rogath ndiye uliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukasema nani mwingine kijiji hiki ana majani haya. Ukasema Gladys aliwahi kulalamika kwamba maziwa yote yanapelekwa kuuzwa na mtoto wake anakunywa chai ya rangi, na kwamba alisema bibi anampenda ng'ombe kuliko mjukuu. Ni kweli alisema. Aliniambia mimi usoni, na alikuwa na haki, na tangu siku ile nilimpimia Kindness kikombe chake kila asubuhi. Nilikwenda kibarazani kuyatazama makopo yake kabla hujayachoma kwa mafuta ya taa. Hakuna jani lililokatwa hata moja. Vitoto vyote vimekaa pembeni kama vilivyokuwa. Niliwaambia. Rogath ukanijibu, "Mama, mmea huo unaota upesi, usidanganyike." Na wengine wote mkakubali, kwa kuwa ni rahisi kumkubalia aliye na pikapu.

Gladys akamfunga Kindness mgongoni akashuka kurudi kwao. Sikumwona akilia. Fabian aliporudi kutoka mlimani, na vidole vimeungua kwa baridi, alikuta kitanda kimetandikwa na hakuna mtu.

Mimi nilikaa nikawashuku wote. Sioni aibu kusema. Nilimshuku shemeji Filemon kwa ajili ya mpaka. Nilimshuku mwanamke aliyekuwa akinunua maziwa kwangu. Nilimshuku Fabian mwenyewe, labda amechoka kuishi na mama. Nilipokula nilitazama nani kapakua. Lakini zaidi ya wote nilikushuku wewe Rogath, maana wewe ulikuwa na faida.

Kisha mvua ikaja, ile mvua ya El Nino iliyobomoa daraja na kuozesha maharage. Ilipopumzika siku mbili tatu, nilitoka kuangalia migomba iliyoanguka. Na nyuma ya banda la Madoa, upande wa chini, ule upande ambao Gladys hapiti kwa sababu kibaraza chake kiko juu, nikaona kijani kidogo ardhini. Nikainama. Kilikuwa kile kitoto. Vijani viwili vinene, vijino pembeni. Mbele yake kingine, na mbele yake viwili vimesongana. Nikavifuata. Vilipita katikati ya migomba, vikakwepa shimo la samadi, vikapita chini ya mparachichi wa baba yenu, vikateremka. Si njia ya watu. Ni mahali anapopita mtu asiyetaka kuonekana kutoka sebuleni. Vile vitoto vilidondoka kutoka kwenye majani mtu alipokuwa akiyabeba, vikalala kwenye vumbi la ukame vidogo kama punje za ulezi, hakuna aliyeviona, na mvua ilipogusa vikasimama vyote vikamsema.

Nikafika mferejini. Pale pembeni, mahali pikapu inaposimama, vimeota vingi, vimejaa kama mtu amemwaga, umbo la mviringo, sawa na kitako cha kikapu. Na baada ya hapo hapana kitu. Nikatafuta ng'ambo ya mfereji, nikatafuta njiani, hapana hata kimoja. Kwa hiyo majani yale hayakutoka kwa Gladys. Yalikuja kwa gari, yakawekwa chini hapo ndani ya kikapu, kisha yakapandishwa bandani.

Nikajua ni mmoja kati ya wawili, na wote wawili nimewazaa.

Sikusema kwa mtu. Nilivaa kitenge changu cha kanisani nikamwambia Fabian nakwenda kununua dawa ya mgongo mjini. Nikashuka Rau bila kutuma habari, kwa sababu mtu akijua unakuja hufagia. Kabla sijafika mlangoni kwa Dominika, nikakutana na jirani yake, Beatrice, mama mwema, anaanika mpunga. Tukasalimiana. Nikamwambia nimekuja kuomba mche wa yale maua mazuri ya mwanangu. Akatupa mikono juu.

"Mama, usiyapeleke kwako kama una mnyama! Mbuzi wangu aliyala mwaka jana akafa siku ya pili. Dominika alisikitika sana, akaninunulia mbuzi mwingine. Nikamwambia ayang'oe, sijui kwa nini hakuyang'oa. Kabla ya mvua hizi niliona ameyakata mengi, sasa yameota tena."

Nikakaa kwenye jamvi lake, juu ya mpunga wake. Maana Rogath hakuwa na habari ya mbuzi yule. Rogath maua hata hayaoni. Aliyejua kwamba jani lile linaua ni mtu mmoja tu.

Dominika, mwanangu, usitoke. Fabian, simama mlangoni. Hapana, usimshike, simama tu.

Dominika alinikuta uani kwake nyuma ya jiko, nimesimama mbele ya mmea, na vikonyo vilivyokatwa kwa kisu vinaonekana bado.

"Shikamoo mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Nimekuja kuona maua yako."

Hakunitazama machoni, alitazama miguu yangu yenye matope ya kwetu. Kisha akakaa chini pale pale kwenye majivu.

"Mama, nilikuokota chini ya mzigo," akasema. "Nilikuokota mwenyewe. Nilirudi huku nikawa silali. Uliniambia siku ng'ombe akiondoka utakuja kwangu. Ulisema kwa mdomo wako."

"Nilisema."

"Nilikuwa nakungoja. Nimeshapaka rangi chumba chako."

"Na Gladys?"

"Mimi sikumtaja Gladys."

"Walipomtaja ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naosha vyombo," akasema.

Na ni kweli. Ulikuwa unaosha vyombo. Tulikuwa sebuleni tunamfukuza mke wa mdogo wako, na mimi nasikia sahani zikigongana jikoni, nikajisemea, mwanangu huyu peke yake ndiye asiyetaka ugomvi.

Gladys, sasa umejua. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Niliposhuka Kwa Sadala kukuchukua, mama yako, Eliona, akanipokea akiwa amesimama na hakunipa kiti, uliniuliza swali moja: "Nani alifanya?" Nikakujibu kwamba utaambiwa na mwenyewe. Nilikuwa nimepatana na Dominika hivyo. Nilimwambia, sitakuaibisha, wewe ni damu yangu, na ulilolifanya ulilifanya kwa ajili yangu, lakini utakwenda kwa Gladys na utamwambia kwa mdomo wako. Akakubali, akalia, akaapa. Akasema Krismasi. Krismasi ikafika watu wakawa wengi. Akasema Pasaka. Pasaka Kindness akaugua surua. Kisha mume wake akaachishwa kazi kiwanda kilipouzwa, akasema si wakati. Kila mara palikuwa na sababu ya kweli. Ndiyo maana nikaanza kumwogopa, kwa sababu mtu mwenye sababu za kweli siku zote hatafika.

Na wewe Gladys ulirudi, ukaniambia, "Nitarudi kwa ajili ya Fabian, lakini bandani sitaingia." Tangu siku ile hujakamua. Tuna ng'ombe mwingine sasa, na wewe hujawahi kushika hata jani la mgomba ukampelekea, na ukipita bandani unaweka mikono yako mbele ionekane. Naona. Wanawake wa jumuiya wakija hapa kusali rozari wanasema wamefunga, hawanywi chai yako. Naona hilo pia. Niliwaambia watu kwamba ng'ombe alivimbiwa tu, bwana mifugo alikosea. Nani aliniamini? Waliona namficha mkwe.

Kwa nini leo? Kwa sababu mwezi uliopita, nilipokuwa bado natembea, nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko nikamsikia mtu anasema, bibi akishazikwa yule Mmachame arudi kwao, kihamba kisije kikaingia mkononi mwa muuaji. Sitamtaja aliyesema. Yupo humu. Nami nikaona kwamba nikifa na neno hili kifuani, nitakuwa nimezikwa juu ya Gladys.

Rogath, kwa Madoa huna hatia. Nilikushuku bure, na natamka mbele ya wote. Kwa mengine bado nakushuku.

Maji. Hapana, mpeni Gladys nafasi, Gladys ndiye anipe. Njoo. Asante. Kaa hapa, upande huu.

Dominika amenitunza tangu nilipolala. Amenigeuza, ameniosha, amenilisha uji kwa kijiko kama mimi nilivyomlisha. Msimfukuze. Mkimfukuza mtakuwa mmerudia kosa lile lile kwa jina jingine. Cherehani yangu ni yake, na vitenge vyangu vyote, na msalaba wa mama yangu. Atakuja hapa kila Krismasi kama zamani, na atakula sahani moja na wote. Lakini ataanza kwa kusema.

Nizikeni kando ya baba yenu, chini ya migomba, bila sementi. Ile miche ya mferejini bado inaota kila mvua. Niliing'oa mpaka mgongo ukakataa. Fabian, iing'oe mpaka jani lake la mwisho, uichome pale pale. Usiitupe kwenye mfereji, maji yataipeleka kwa watu wa chini na wao wana mbuzi. Na mtu yeyote asije akaona ni mizuri akanipandia kaburini. Kindness akiuliza bibi alikufa kwa ugonjwa gani, mwambieni uzee.

Ng'ombe atakamuliwa na Gladys kuanzia kesho. Gladys, nakuomba. Maziwa ya kwanza yapelekwe kwa hao wanawake wa jumuiya, wanywe ukiwatazama.

Nimechoka. Sauti... sogeeni. Shemeji, weka kofia yako chini, usiondoke. Najua katika ukoo mkosaji hupeleka jani la isale kuomba msamaha, akakabidhi, na yakaisha. Sitaki isale. Jani halina mdomo. Tumekuwa na majani ya kutosha katika nyumba hii.

Dominika. Mgeukie Gladys. Mgeukie, mwanangu, usinishike mimi miguu. Mwambie. Wakati mimi bado nasikia.

Mungu aliyewapa pumzi awatunze. Wewe Rogath, biashara yako isiwe na njaa, na mizani yako isimwibie mtu. Fabian, mlima ukurudishe kila unapoupanda. Gladys, tumbo lako na mikono yako vibarikiwe, hasa mikono. Kindness akue. Dominika... Dominika nakubariki wewe wa mwisho, sikukuacha, nakungoja tu ufungue kinywa.

Naona midomo yako inacheza. Sauti hainifikii. Masikio yamejaa maji, kama mfereji... Fabian, amesema? Usinijibu wewe. Wewe una huruma, utanidanganya. Rogath, usitikise kichwa.

Gladys. Mkono wako uko wapi? Huu. Kama amesema, yote, na wewe umesikia, nibonyeze.

Mmh.

Bonyeza tena, mwanangu. Mimi unanijua.

Haya. Nimesadiki.